Nani Mtenda? Namna ya Kutumia Nadharia za Sayansi ya Jamii Kuchunguza Mabadiliko ya Teknolojia, kwa Mifano ya Lamu

Mwenye kuketi barazani Mkomani au Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, wakati wa alasiri atasikia, kabla kikombe cha kahawa hakijapoa, sentensi za namna hii: simu imeharibu vijana, mashine imeua tanga, pikipiki imeleta kelele mjini. Zote zina umbo moja. Kitu kisicho na roho ndicho mtenda, na watu wamebaki kutendwa. Huenda sentensi hizo ni za kweli, huenda zina nusu ya ukweli; lakini kila moja imekwisha kubeba nadharia nzima ndani ya kitenzi kimoja, na msemaji hana habari.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwandishi wa habari au mkaazi yeyote anayetaka kuchunguza kwa makini namna chombo kipya kinavyoingia katika maisha ya watu. Njia ninayoipendekeza inatokana na sarufi tunayoizungumza kila siku. Chukua sentensi ya barazani, igeuze kauli ya kitenzi chake, kisha uangalie swali gani limezaliwa. "Imeleta" ikigeuka "imeletwa", papo hapo inakubidi umtafute aliyeleta. Ikigeuka "wameletewa", unawatafuta waliokusudiwa. Na ukisema "imezoeleka", mtenda ametoweka, na kazi yako ni kueleza alitowekaje. Wataalamu wa sayansi ya jamii wamebishana miaka mingi juu ya maswali hayohayo, na vitabu vyao husomeka kwa wepesi zaidi ukijua kila mmoja wao anatetea kitenzi kipi.

Kabla ya nadharia, pwani

Usianze na "teknolojia", wala na "intaneti". Maneno hayo ni mapana mno, na mtu hawezi kuyashika mkono. Chagua chombo kimoja. Mimi nitatumia mashine ya boti, yaani injini inayofungwa kwenye chombo cha mvuvi au cha abiria, kwa sababu ipo mbele ya macho ya kila anayepita ukingoni mwa mji wa Lamu. Kiswahili kimetusaidia hapa kwa kuliacha neno "chombo" libebe maana mbili: kifaa cha kazi na kinachoelea baharini. Katika utafiti huu maana hizo mbili hazitengani.

Nenda pwani kabla ya kufungua kitabu. Tazama mashine imefungwa wapi, kama ni tezini au ubavuni, na kama mlingoti na foromali, ule mti unaobeba tanga, bado vimo chomboni. Uliza mashine ni ya nani, kwa maana nahodha na mwenye mashine huenda wakawa watu wawili, na mgawo wa samaki ukahesabiwa kwa namna ambayo haikuwapo wakati wa tanga. Uliza nani huitengeneza inapokufa, na vipuri hutoka wapi. Uliza pia kwa kutaja msimu, kwa kuwa jibu la mvuvi kuhusu bahari ya kusi halifanani na jibu lake kuhusu kaskazi, na mtafiti asiyetaja mwezi atachanganya mambo mawili kuwa moja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuliza mashine imekubadilishaje maisha. Nilijibiwa kwa adabu, na nilichojibiwa kilikuwa ndicho nilichokuwa nimekitia ndani ya swali. Nilipoacha kuuliza juu ya mabadiliko nikauliza juu ya gharama za jana, yaani lita ngapi, nani alilipa, na samaki walipelekwa kwa nani, ndipo habari ya deni ilipotokeza, na deni hilo halikuwamo katika swali langu la mwanzo.

"Imeleta"

Nadharia ya kwanza, inayosema kwamba teknolojia ndiyo mwamuzi wa umbo la jamii, ina wapinzani wengi vyuoni na wafuasi wengi barazani. Karl Marx aliandika mwaka 1847 kwamba kinu cha mkono kinatupa jamii yenye bwana wa kikabaila, na kinu cha mvuke kinatupa jamii yenye bepari wa viwanda. Wasomi hubishana mpaka leo kama aliikusudia sentensi hiyo kwa ukali huo, maana kwingineko aliandika kwa uangalifu zaidi. Mwanahistoria Lynn White, mwaka 1962, alidai kwamba kikuku cha farasi, kile cha kutilia mguu, kilichangia kuzaliwa kwa ukabaila wa Ulaya, kwa kuwa kilimwezesha mpanda farasi kupigana kwa mkuki bila kuanguka, na askari wa namna hiyo alihitaji ardhi ya kumlisha yeye na farasi wake. Wanahistoria wengine walimjibu kwamba kikuku kilifika pia kwa watu ambao hawakupata ukabaila wowote.

Jibu hilo lina kipimo ambacho unaweza kukitumia mwenyewe. Ukidai kwamba mashine ndiyo iliyovunja desturi fulani ya kugawana samaki, basi desturi hiyo iwe imevunjika kila mashine ilipofika. Nenda Kizingitini, nenda Faza, kisha ushuke Malindi. Mashine zikiwa za aina moja na matokeo yakawa mbalimbali, kitenzi "imeleta" kimeshindwa kubeba mzigo peke yake. Kwa sababu hiyo nashauri nadharia hii isitupwe hata kidogo: ianze kazi, kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko zote kuijaribu.

Karibu nayo ipo hoja ya William Ogburn, Mmarekani aliyeandika mwaka 1922 juu ya kuchelewa kwa utamaduni. Alisema kwamba vitu hubadilika kwanza, na sheria, mila na taasisi hufuata baadaye, na katika nafasi hiyo ya katikati ndimo matatizo huzaliwa. Mfano wake ulikuwa sheria za fidia kwa wafanyakazi waliojeruhiwa na mashine viwandani, ambazo zilikuja muda mrefu baada ya mashine zenyewe. Hoja hii inafaa sana kueleza mabishano juu ya pikipiki kisiwani Lamu, ambako mitaa ilijengwa kwa ajili ya mtu wa miguu na punda, na kanuni zimelazimika kutungwa mbio. Lakini iangalie kwa jicho la pili, maana neno "kuchelewa" linaficha hukumu. Kusema kwamba mtaa umechelewa ni kukubali kwanza kwamba pikipiki ilikuwa na haki ya kupita, jambo ambalo ndilo hasa linalobishaniwa.

"Imesambaa"

Kama swali lako ni kwa nini mvuvi fulani alinunua mashine mapema na jirani yake akangoja miaka kumi, msome Everett Rogers, ambaye kitabu chake juu ya usambaaji wa uvumbuzi kilitoka mwaka 1962. Kabla yake, mwaka 1943, Bryce Ryan na Neal Gross walikuwa wamechapisha uchunguzi wao juu ya wakulima wa Iowa na mbegu ya mahindi chotara, wakaona kwamba majirani walikuwa na uzito mkubwa katika kumshawishi mkulima aamue. Rogers aliwagawa watu katika mafungu matano: wabunifu asilimia 2.5, wanaofuata mapema asilimia 13.5, wengi wa mwanzo asilimia 34, wengi wa baadaye asilimia 34, na wa mwisho asilimia 16. Mafungu haya ni mgawanyo wa hesabu aliouchora yeye juu ya mstari, kwa hiyo usiende Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo, kuyatafuta kana kwamba yapo katika maumbile ya watu.

Sehemu yenye faida zaidi ni sifa tano za kitu zinazoharakisha au kuchelewesha kupokewa kwake: faida yake kuliko kilichokuwapo, kupatana kwake na mila na mahitaji, ugumu wa kukielewa, uwezekano wa kukijaribu kidogo kabla ya kujifunga, na kuonekana kwa matokeo yake mbele ya wengine. Mashine ya boti inaonekana na kila mtu, na matokeo yake hupimwa kwa saa ya kufika sokoni. Lakini kuijaribu nusu hakuwezekani isipokuwa kwa kuazima, na upepo haununuliwi kwa lita. Hapo ndipo panapoonekana udhaifu wa nadharia hii, ambao Rogers mwenyewe aliukiri katika matoleo ya baadaye: inaelekea kudhani kwamba kitu kipya ni chema, na asiyekitaka ana kasoro. Mvuvi wa karibu na mwamba ambaye safari yake ni fupi, akaamua kubaki na tanga, ni mtu aliyepiga hesabu, na ukimwandika kuwa "wa mwisho" umemtukana kwa lugha ya kitaalamu.

"Imeletwa", na nani, kwa ajili ya nani

Mwaka 1984 Trevor Pinch na Wiebe Bijker waliandika makala iliyoanzisha nadharia ya ujenzi wa kijamii wa teknolojia, na mfano wao maarufu ulikuwa baiskeli. Baiskeli ya karne ya kumi na tisa yenye gurudumu kubwa mbele ilikuwa vitu viwili kwa wakati mmoja: kwa vijana wa kiume ilikuwa chombo cha kuonyesha ujasiri, na kwa wanawake waliovaa nguo ndefu, au kwa wazee, ilikuwa chombo cha kuvunja shingo. Tairi la upepo, ambalo Dunlop alilileta mwaka 1888, lilikusudiwa kupunguza mtikisiko, na wanamashindano walilicheka mpaka lilipowashinda kwa mbio. Umbo la baiskeli tunaloliona leo halikuwa lazima. Lilitokana na makundi mbalimbali kuvutana mpaka mvutano ukatulia, na ulipotulia watu wakasahau kwamba ulikuwapo.

Kwa msomaji wa Kenya mfano ulio karibu zaidi ni M-Pesa. Majaribio yake ya mwaka 2005 yalihusu zaidi wakopaji wa mikopo midogo, ili waweze kulipa marejesho kwa simu. Watu waliopewa huduma hiyo waliigeuza: wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, jambo ambalo watu walikuwa wamekwisha kulizoea kwa namna nyingine kwa kutumiana muda wa maongezi. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ilitangazwa kwa mwito wa kutuma pesa nyumbani. Aliyebuni ni nani basi? Wahandisi walijenga njia, lakini matumizi yalisanifiwa na watu waliokuwa na mama kijijini. Ukiitumia nadharia hii Lamu, orodhesha makundi yote yanayohusika na mashine ya boti, kisha uandike kwa kila kundi mashine ni kitu gani: kwa mvuvi, kwa mwenye kukodisha, kwa fundi wa Matondoni anayelazimika kufikiri upya juu ya tezi, kwa mgonjwa wa Pate anayehitaji kuvuka usiku, kwa mama karanga anayengoja samaki ili awakaange na kuwauza.

Huyo wa mwisho ndiye anayesahauliwa. Ruth Schwartz Cowan alionyesha mwaka 1983, kwa historia ya kazi za nyumbani nchini Marekani, kwamba vifaa vilivyosifiwa kuwapumzisha wanawake havikupunguza saa zao za kazi kama ilivyotarajiwa, kwa sababu kiwango cha usafi kilipanda na kazi zilizokuwa zikifanywa na wanaume, watoto au watumishi zikamwangukia mama. Somo lake kwa mtafiti ni kwamba asiishie kwenye mkono ulioshika mashine. Afuate samaki mpaka jikoni, aulize kama kufika mapema kwa chombo kumempa mama karanga samaki wengi zaidi, au kumewapeleka samaki kwa mnunuzi mwenye barafu na gari linalongoja Mokowe, ng'ambo ya bara.

Udhaifu wa nadharia ya ujenzi wa kijamii ni kwamba inayasikia makundi yaliyofika mezani tu. Langdon Winner aliuliza mwaka 1980 kama vitu vina siasa, akataja madaraja mafupi ya Long Island, New York, ambayo, alivyodai, yalijengwa ili mabasi ya watu maskini yasipite. Mfano huo umepingwa baadaye, na Bernward Joerges alionyesha mwaka 1999 kwamba ushahidi wake haukuwa imara, kwa hiyo usiunukuu kana kwamba umekwisha kuthibitishwa. Hoja ya pili ya Winner ina nguvu zaidi: kwamba baadhi ya teknolojia zinahitaji mpangilio fulani wa mamlaka ili ziweze kuendeshwa. Lamu inajua jambo hili. Mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, wa megawati 1,050, usingeweza kuwa wa mtaa wala wa jamaa. Ulihitaji bandari, ardhi kubwa, mikataba mirefu na uamuzi wa mbali. Juni 2019 baraza la kitaifa la mashauri ya mazingira lilifuta leseni yake, na sababu mojawapo kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamua kwamba wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari mpya ya Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza la bandari hiyo lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Mtafiti wa mashine za boti asiyeitaja bandari atashindwa kueleza kwa nini mvuvi anasema sasa hawezi kufika kwenye samaki bila mashine, maana atadhani mvuvi amependa mwendo wa kasi, ilhali huenda ni bahari ya karibu iliyombadilikia.

"Wamefungamana"

Nadharia ya mtandao wa watendaji, ya Bruno Latour, Michel Callon na John Law, ndiyo inayowatia wanafunzi hofu, kwa sababu inakataa kutenganisha watu na vitu tangu mwanzo. Upepo, kamba, nyota, karatasi na wafalme wote ni watendaji, na kazi ya mtafiti ni kueleza walivyofungwa pamoja na fundo gani linaweza kufunguka. Mwaka 1986 Callon aliandika juu ya chaza na wavuvi wa ghuba ya St Brieuc, Ufaransa, ambako chaza wenyewe walikataa kushikamana na vikusanyio walivyowekewa na wanasayansi. Katika kitabu hichohicho kilichobeba makala hiyo ya Callon, John Law aliandika juu ya Wareno na njia ya India, na hapo nadharia inafika mlangoni petu bila kualikwa.

Law alitaka kueleza Ureno, nchi ndogo, iliwezaje kuishika njia ndefu namna ile. Jibu lake halikuwa ujasiri wa manahodha wala ubora wa merikebu peke yake. Merikebu iliweza kubeba mzigo na chakula cha miezi kwa mabaharia wachache. Upepo wa bahari kuu ulijulikana na kutumiwa hata ulipokuwa kinyume. Jua lilipimwa kwa chombo kilichorahisishwa, na majedwali yakamwezesha baharia asiye mtaalamu kujua yuko latitudo gani. Vyote vilishikana, na kimoja kikilegea safari imekwisha.

Soma hoja hiyo ukiwa umesimama Malindi. Vasco da Gama alifika hapo Aprili 1498 akiwa na merikebu, majedwali na mizinga, na bado hakuweza kuvuka mpaka Calicut bila kupewa rubani aliyeijua bahari hii, akafika huko mwezi Mei kwa nguvu ya kusi iliyokuwa ikianza. Kwa maoni yangu mtandao uliosifiwa ulikuwa na tundu lenye ukubwa wa bahari ya Hindi, na lilizibwa na elimu ya watu waliokuwa wakivuka na kurudi kwa pepo za msimu karne nyingi kabla. Zoezi hili lifanye wewe pia kila unaposoma nadharia iliyoandikwa mbali: itafute sehemu ambayo mfano wao unapita kwetu, kisha uulize nani ameachwa nje ya hesabu.

Kwa mashine ya boti, chora watendaji wote kwenye karatasi moja: mafuta, bei yake, barabara ya kutoka Mokowe, plagi, fundi, kusi, mwamba, mkopeshaji, samaki. Kisha ondoa mmoja mmoja ukitazama chombo kitasimama wapi. Hatari ya njia hii ni kwamba orodha haina mwisho, na mwanafunzi hujaza kurasa thelathini za "na pia". Wahenga walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Rudi ngamani, mahali maji yanapokusanyika, nako kwa kawaida ni kwenye fedha na matengenezo.

"Imezoeleka"

Thomas Hughes, aliyeandika mwaka 1983 juu ya mitandao ya umeme, alisema kwamba mfumo ukiwa mchanga jamii huufinyanga, na ukikomaa hupata kasi yake mwenyewe, kwa kuwa fedha, ujuzi na ajira zimekwisha kufungwa ndani yake. Kwa hiyo "imeleta" na "imeletwa" zinaweza kuwa kweli zote mbili katika miaka tofauti, na ndiyo maana kila tukio uliandikie mwaka wake. David Edgerton, mwaka 2006, aliongeza onyo lenye manufaa zaidi kwetu: historia ya teknolojia iandikwe kwa vinavyotumika, si kwa vilivyovumbuliwa karibuni. Punda anayebeba saruji na mawe ya matumbawe katika mitaa ya Lamu ni usafirishaji wa leo, wenye wamiliki, nauli na matibabu yake. Na jahazi, ambalo wageni hulipiga picha kama ukale wenyewe, lilikuwa jambo jipya mbele ya mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari na kuvutwa na tanga la mkeka. Mtepe haupo tena baharini. Mwaka 2018 mafundi wa hukuhuku waliunda Flipflopi, chombo cha takriban tani 10 za plastiki zilizookotwa na kuyeyushwa, kwa mikono iliyozoea mbao. Sijui niuite ustadi ule mpya au wa kale, na sioni haja ya kuchagua.

Kuandika

Usiandike sura moja kwa kila nadharia. Matokeo yake huwa kama duka la vitambaa ambalo hakuna nguo iliyoshonwa. Chagua mbili zinazogombana juu ya ushahidi uliokusanya, uziache zigombane, kisha useme ipi imeshindwa na kwa nini. Pitia rasimu yako ukipigia mstari kila sentensi ambayo mtenda wake ni kifaa, na mbele ya kila mstari ujiulize kama ungeweza kumtaja mtu, ofisi au upepo. Pale unapoweza, badilisha. Pale usipoweza, iache sentensi ilivyo, maana yawezekana mashine kweli imefanya jambo.

Mwisho wa kazi ya pwani, watafute walioacha. Takriban nadharia zote nilizozitaja zinaeleza vizuri kuingia kwa kitu kuliko kutoka kwake, na kwa hiyo data za walioacha hazikusanywi. Uliza mjini ni nyumba zipi zina mashine iliyolala uani, imefunikwa kwa gunia, na mwenye nyumba amerudia tanga au ameacha bahari kabisa. Andika mwaka alioinunua, mwaka alioivua chomboni, na kilichokufa kwanza, kama ni plagi, mkopo au samaki.